Maabara ya kulinganisha watoaji figo na wagonjwa mjini Lubumbashi: tathmini ya familia moja

Familia yoyote ya Lubumbashi inayojiandaa kumpeleka mgonjwa nje ya nchi kupandikizwa figo ingefaa ipime damu ya mgonjwa, na ya kila ndugu aliye tayari kutoa figo, kabla ya kununua hata tiketi moja ya ndege. Huduma ninayoitathmini hapa inafanya kazi hiyo. Ni maabara binafsi ya katikati ya jiji, inayoongozwa na mwanasayansi wa kliniki aliyesomea ulinganifu wa tishu. Damu huchukuliwa hapa, makundi ya damu hupimwa hapa, na sampuli za vinasaba na za seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) husafirishwa hadi maabara kubwa ya Johannesburg. Dada yangu, mama wa watoto watano, anasafishwa damu kwa mashine tangu figo zake zishindwe kazi, na sisi ndugu zake tulipimwa hapo pamoja na mume wake. Naisifu huduma hii kwa moyo wote.

Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea. Kundi lake la damu ni O, ambalo kwa upande wa figo linaweza kumfaa mgonjwa wa kundi lolote, na daktari alikwisha kumwona kuwa ni mzima wa afya. Kwa familia nyingi uchunguzi huishia hapo. Mwanasayansi yule hakuishia hapo, na hili peke yake linatosha kuipa maabara yake heshima. Alitukalisha akatueleza kwa Kiswahili, bila haraka, kwamba juu ya chembe za mwili kuna protini ziitwazo HLA, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6, na kwamba kila mtu hurithi fungu moja kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama. Kinga ya mwili huzitumia protini hizo kutambua kilicho chake na kilicho cha mgeni.

Kisha akamgeukia dada yangu. “Mama, kila mimba uliyobeba ilikuwa na fungu la HLA la baba wa watoto. Mwili wako unaweza kuwa ulilifahamu fungu hilo na kulitengenezea kingamwili, yaani protini za kinga za kulishambulia. Kwa hiyo kabla ya kusema figo ya mume wako inakufaa, lazima tuiulize seramu yako.”

Jambo hili si geni katika sayansi. Mwaka 1958 Rose Payne nchini Marekani na Jon van Rood huko Leiden, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kingamwili za aina hiyo katika damu ya wanawake waliopata mimba. Mwaka huohuo Jean Dausset wa Paris alieleza protini ya kwanza ya kundi hili kwa kutumia seramu za watu walioongezewa damu mara nyingi, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Siku hizi seramu ya mgonjwa huchanganywa na punje ndogo sana zilizobandikwa protini za HLA, kila aina ya punje na protini yake, na mashine husoma ni punje zipi zilizoshikwa na kingamwili. Majibu ya dada yangu yaliporudi, kingamwili zenye nguvu zilionekana dhidi ya protini za mume wake, zile hasa ambazo watoto wao wamezirithi. Hivyo kijana wao mkubwa, ambaye naye alikuwa ameomba kumtolea mama yake figo, hakufaa pia.

Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hakuna dawa. Alijibiwa ukweli wote: zipo hospitali zinazopunguza kingamwili kwa kuchuja utegili, yaani majimaji ya damu, na kwa dawa kali, lakini njia hiyo ni ndefu, ni ya gharama kubwa, na haichaguliwi iwapo kuna ndugu mwingine anayelingana. Akaonyeshwa pia kwa nini hakuna anayethubutu kubahatisha. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopandikizwa figo: kati ya 30 ambao seramu yao ilishambulia chembe za mtoaji, figo 24 zilishindwa mara moja, kati ya 195 ambao seramu yao haikuzishambulia, zilishindwa 8 tu. Sijawahi kuona mtu akimweleza mume habari nzito namna hiyo kwa upole ule, huku akimhakikishia kwamba nia yake ilikuwa njema na kwamba mwili wake hauna kasoro.

Ndipo zamu ikawa yetu sisi wa tumbo moja. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mgonjwa kwa mafungu yote mawili, nafasi mbili katika nne za kulingana kwa fungu moja, na moja katika nne ya kutolingana kabisa. Lakini kabla ya kutoa damu, kila mmoja wetu aliitwa peke yake katika chumba kilichofungwa mlango. Hapo niliulizwa kama ninatoa kwa hiari, kama kuna ahadi ya fedha au ya kiwanja, na kama kuna mtu wa ukoo anayenisukuma. Niliambiwa kwamba nikitaka kujitoa, familia itaarifiwa tu kuwa sifai, na sababu haitatajwa. Nikaambiwa pia kwamba kipimo hiki kinaweza kufichua kuwa ndugu fulani hana baba mmoja na wengine, na nikaulizwa mapema kama ningependa kujua jambo la namna hiyo endapo lingejitokeza. Katika ukoo wa Kikongo, ambako kaka mkubwa akisema neno wadogo huona vigumu kulikataa, faragha hii ina thamani kuliko mashine yoyote. Ningeomba kila hospitali iige utaratibu huu.

Majibu yalikuwa hivi: dada yetu mdogo alilingana na mgonjwa kwa mafungu yote mawili, mdogo wetu wa kiume kwa fungu moja, na mimi sikulingana hata kidogo. Tulishangilia kwa ajili ya yule binti, lakini mwanasayansi alituzuia, akisema kazi yake ni kulinganisha tishu, na afya ya mtoaji huamuliwa na daktari wa figo. Shinikizo la damu la binti huyo lilikuwa juu, daktari akamkataa. Aliyebaki ni mdogo wetu wa kiume, na kwenye seramu ya dada hakuna kingamwili dhidi ya fungu lake lisilolingana.

Kuhusu utunzaji wa sampuli sina lalamiko. Umeme ulikatika tukiwa pale na jenereta iliwaka mara moja, kwa kuwa seramu lazima ikae kwenye friza. Kasoro ninayoiona ni karatasi ya majibu, iliyoandikwa kwa Kifaransa na kujaa vifupisho. Maelezo mazuri tuliyopewa kwa mdomo yangeandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ili wazee waliobaki nyumbani wayasome. Malipo nayo hudaiwa yote mwanzoni, kwa dola, na familia yenye watoaji wengi huumia. Ingekuwa haki zaidi kulipa kwa hatua.

Mwisho mwanasayansi alimwandikia barua daktari wa kituo cha kusafishia damu, akiomba dada asiongezewe damu ila pale ambapo maisha yake yako hatarini, na upungufu wa damu utibiwe kwa sindano za eritropoietini (homoni inayochochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu) na madini ya chuma inapowezekana, kwa sababu kila chupa ya damu inaweza kuleta kingamwili mpya. Akiongezewa, seramu yake itapimwa upya baada ya wiki mbili hadi nne. Kipimo cha mwisho, cha kukutanisha seramu yake na chembe hai za mdogo wetu, kitafanywa hospitalini India kwa damu mbichi karibu na siku ya upasuaji. Kwa sasa tunasubiri viza.

Anayekwenda kupimwa achukue orodha ya mimba zote za mgonjwa, pamoja na zilizoharibika, tarehe za kuongezewa damu, na vyeti vya kuzaliwa vya wote, kwani sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji inahitaji undugu uthibitishwe.