Ziara ya mguu Mikindani: inapolipa na inapohitaji kunyooshwa

Wageni wengi wanaofika Mtwara hudhani mji wenyewe ndio bandari ya zamani ya kusini. Sivyo. Mtwara mjini ilikua baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kwa sababu ya bandari ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947. Anayetaka kuelewa pwani hii ilivyofanya kazi kati ya miaka ya 1870 na 1900 apande daladala ya Mikindani, mwendo wa kama kilomita 10, kisha atafute kijana wa kumtembeza mji mkongwe kwa mguu. Huduma hiyo ndiyo inayopimwa hapa. Sehemu ya ufukweni ni nzuri sana, sehemu ya majumba ni nzuri ukijua cha kuuliza, na sehemu ya biashara ya watumwa inapitishwa haraka mno kwa jambo zito kiasi kile.

Kabla ya bei, ulizia maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na ghuba inageuka kuwa mahali pengine kabisa. Muda bora ni maji yanapoanza kupwa asubuhi: unakuta mashua bado zinaelea, na kabla hujamaliza mzunguko unaziona zimelala ubavu kwenye tope. Ukiyaona hayo mawili, umeshaelewa nusu ya bandari. Jahazi halikuhitaji gati. Liliingia na maji ya kujaa, likakalia mchanga yakipwa, na mahamali wakashusha mzigo mabegani mpaka ghalani kabla maji hayajarudi. Aliyechelewa alisubiri maji mengine, na ukikosa bamvua kwa chombo kizito unaweza kusubiri siku kadhaa. Vijana wanaoongoza wamekulia kwenye maji haya, kwa hiyo hapa wanaeleza vizuri kuliko kitabu chochote. Waache waongee.

Wanalieleza vizuri pia suala la pepo. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni na pwani ya magharibi ya India. Kusi, kuanzia Aprili, ikavirudisha. Wanachosahau kusema ni kwamba mkopo nao ulifuata mwendo huo. Mfanyabiashara wa Kihindi aliwakopesha wenye misafara ya bara vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, naye akasubiri miezi mingi alipwe kwa pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa mti), mpira, ufuta au mtama. Muulize mwongozaji nani alimkopesha nani. Swali hilo moja huibadilisha ziara nzima.

Hoja ya mpira inastahili muda zaidi ya unaotolewa. Biashara ya watu kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Sultan Barghash wa Zanzibar mwaka 1873, na miaka iliyofuata mpira wa porini, unaogemwa kwenye mitambaazi ya msituni, ukawa miongoni mwa mali kubwa za kusini. Uliletwa ukiwa madonge na kuuzwa kwa frasila, yaani kama kilo 16. Kwa kuwa uliuzwa kwa uzito, wapo waliotia mchanga au maganda ya miti ndani ya donge, ndiyo maana mnunuzi mwangalifu alilipasua katikati kabla ya kulitia kwenye mizani. Ushauri kwa vijana wa Mikindani: jazeni mfuko mchanga wa kilo 16, muuweke pale ufukweni, kila mgeni aunyanyue na kutembea nao hatua 50. Haina gharama, na inaeleza kazi ya hamali kuliko maneno ya nusu saa.

Upande wa fedha nao hurukwa, ingawa ni rahisi kuueleza. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, na rupia ya India zilitumika pamoja. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaanza kutoa sarafu zake, pesa 64 kwa rupia 1, na mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa kuwa heller 100 kwa rupia.

Sasa majumba. Mengi yana ghorofa moja juu: chini duka na ghala, juu familia, na roshani ya mbao inayotazama njia. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita 3 bila kupinda chini ya uzito wa dari la mawe na chokaa. Jongea ukuta ambao haujarekebishwa, upapase sehemu ya chini: unga mweupe utabaki kwenye vidole, pamoja na chembe za matumbawe. Hiyo ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yenyewe. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje polepole. Kisha nenda kwenye ukuta uliopigwa saruji, ugonge kwa kifundo cha kidole. Palipo na mlio mtupu, plasta imeshaachana na jiwe: unyevu umekosa pa kutokea, chumvi imeganda nyuma ya saruji na kuisukuma. Baada ya muda inadondoka na kipande cha matumbawe juu yake. Kila mwenye nia njema anayeleta mfuko wa saruji pale anauharakisha ukuta kufa, na inauma kuona hivyo kwenye nyumba zilizostahimili mvua zaidi ya karne moja. Waongozaji walijue hili na waliseme wazi.

Nyumba hizi zina watu. Mwongozaji mzuri hupiga hodi, huwapa wazee shikamoo na kuomba ruhusa kabla hujainua simu kupiga picha ya mlango. Asiyefanya hivyo, mwache.

Kwenye jengo linaloitwa soko la watumwa, maelezo hukomea kwenye minyororo na 1873, kana kwamba mwaka ule kila kitu kilikwisha. Marufuku ile ilihusu biashara ya baharini. Utumwa wenyewe uliendelea chini ya Wajerumani, na Tanganyika ulifutwa kisheria 1922, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo sehemu ya wachukuzi wa bandari ya miaka ya 1890 walikuwa watumwa waliokodishwa, wakimpelekea bwana fungu la ujira wao. Hao wanastahili kutajwa pale pale ufukweni, wakati wa kueleza mizigo.

Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, kinyume chake, hupewa muda mwingi mno. Alitua Machi 1866 na ngamia 6, nyumbu 2 na punda 4 pamoja na nyati; hilo linatosha. Afadhali zitajwe habari za Chuma, Myao, aliyekuwa msafarani na baadaye akawa miongoni mwa walioufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo mwaka 1874.

Malizia Boma, ngome ya utawala wa Wajerumani iliyojengwa 1895. Maofisa wa kampuni ya Kijerumani walikuwa wamefukuzwa Lindi na Mikindani Septemba 1888, na jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani, likarudi Mei 1890. Ukisimama juu pale unaona kwa nini walichagua mteremko ule: ghuba yote iko mbele yako, hakuna chombo kinachoingia kwa siri. Jengo limekarabatiwa na kufanywa hoteli, kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa kuliko kwingine mjini.

Kuhusu malipo, elewaneni kabla ya hatua ya kwanza: ni kwa kichwa au kwa kundi, na je, Boma limo? Ugomvi mwingi huanzia hapo. Beba noti ndogo, maji, na viatu visivyoogopa tope. Tenga saa tatu, uanze saa moja na nusu asubuhi. Kufikia saa tano jua huwa kali na kivuli ni haba. Wakati wa kurudi, simama barabara kuu, daladala za Mtwara hupita hapo.