Kipimo cha DNA cha mate: siko seli safi, saratani msikitegemee peke yake

Mliokuwa mnauliza kuhusu hivi vipimo vya DNA vya kutema mate kwenye kichupa, mimi nimefanya na ripoti ninayo, kampuni siitaji. Kupima kwenyewe rahisi, nusu saa kabla usile usinywe, unatema mpaka kwenye mstari (povu halihesabiki), unafunga, unatikisa, unatuma.

Sehemu ya siko seli nimeipenda sana. Wameeleza kwamba ni herufi moja tu imebadilika kwenye jeni la HBB (linalotoa maelekezo ya kutengeneza himoglobini ya damu), A imekuwa T, na hiyo moja inatosha kufanya seli nyekundu zijikunje kama mundu. Mimi nimetoka AS, nimebeba ila siumwi, na ripoti imesema wazi kama mwenzangu naye ni AS basi kila mimba ina asilimia 25 ya mtoto kuwa SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe, kila mimba jamani, sio eti akishazaliwa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamepona, hapo watu wengi wanachanganya. Ila kama unataka hilo tu, kipimo cha damu cha himoglobini hospitali kinatosha.

Sasa kwenye saratani ya matiti ndo nimechukia. Tiki kubwa ya kijani, "hakuna kilichoonekana", na upande wa mama kwetu huu ugonjwa upo! Ukishuka mpaka maandishi madogo huko chini unakuta wameangalia mabadiliko matatu tu ya BRCA1 na BRCA2 (jeni mbili ambazo zikiharibika hatari ya saratani ya matiti inapanda) wakati yanayojulikana yanapita elfu moja, tena hayo matatu yanapatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Mtu anaona kijani anaacha kwenda kucheki, hii ni hatari kabisa, hayo maandishi yalitakiwa yakae juu.

Aliyeniokoa ni mshauri wa vinasaba, unaweka miadi mnaongea kwa simu. Dada yule hata ripoti hakuanza nayo, aliuliza nani aliugua, akiwa na umri gani, huku anachora ukoo, wanaume miraba, wanawake duara, waliougua anawajaza wino. Akasema zisomwe jeni zote mbili mwanzo mpaka mwisho, na ikiwezekana aanze kupimwa ndugu aliyeugua, maana akikutwa na badiliko ndo sisi wengine tunajua tutafute nini.

Kipimo nyota tatu, mshauri tano. Mama mdogo kakubali kupimwa kwanza.