Miezi miwili na apu ya kuhesabu kalori, haijui mchele na wali ni vitu viwili

Nianze na aibu yangu. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nalala na njaa kwa sababu ya neno moja tu. Apu yenyewe ni ya Kiingereza, na Kiingereza mpunga, mchele na wali vyote kina neno moja, sasa mimi napima wali wangu gramu 200 kwenye mzani wa jikoni, nabonyeza la kwanza linalotokea, inaniandikia kalori 720, nabaki naiangalia sahani kama vile imenikosea. Kumbe nilichochagua ni mchele mkavu, ambao gramu 100 zina kalori kama 360, wakati wali ulioiva gramu hizohizo ni kama 130 maana uzito mwingi pale ni maji. Yaani nilikuwa nahesabiwa karibu mara tatu! Mtoto wa miaka sita anayeongea Kiswahili asingekosea hapo.

Haya tuje kwenye apu. Mwezi wa kwanza bure, wa pili nikalipia ili nione vitamini na madini. Jina sitaji, nimejaribu na zingine mbili na ugonjwa ni uleule.

Kizuri chake nikisema haraka: mafuta. Mi nilikuwa namimina kwa jicho, siku moja nikaamua kumimina kama kawaida kwenye bakuli halafu nipime kwa kijiko kikubwa, vijiko vinne na nusu, kila kimoja kalori 120 hivi. Nikakaa chini. Gramu ya mafuta ni kalori 9, ya wanga au protini ni 4, hesabu iliyotoka kwa Wilbur Atwater huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, jamaa alikuwa anawafungia watu kwenye chumba kidogo siku kadhaa anapima joto wanalotoa na wanachokula, na mpaka leo simu yako inatumia namba zake. Nyuzinyuzi pia imenifumbua macho, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, mimi na kujisifu kote kwamba nakula vizuri nilikuwa nafika 11. Maharage yamerudi kwenye sufuria, kwa hilo naishukuru kabisa.

Sasa mabaya. Hii kitu inapenda chakula cha kiwandani, sijui hata kama waliotengeneza wanajua. Biskuti unaelekezea kamera kwenye ile mistari myeusi ya nyuma ya pakiti, sekunde moja imeisha. (Ile mistari ilisomwa dukani mara ya kwanza Juni 1974, Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu, kwa hiyo angalau wamebaki kwenye ukoo.) Mchuzi wa nyumbani lakini, mama yangu, uandike nyanya gramu ngapi, kitunguu gramu ngapi, mafuta, chumvi, halafu upime sufuria zima likiwa na mchuzi, utoe uzito wa sufuria, ugawe kwa watu sita ambao kila mmoja anapakua anavyotaka, na mdogo wao anachomoa nyama kwenye sahani yako ukiwa unaandika. Wiki ya tano nikajikuta dukani nachagua vya pakiti kwa sababu tu ni rahisi kuandika! Hapo ndo nikashtuka, si mimi ninayeamua tena nile nini, ni mistari myeusi.

Halafu kuna jambo ambalo limenikera zaidi ya yote. Kwenye apu mchele mweupe na ule ambao haujakobolewa vikiwa vikavu vinapishana kalori chache sana, inakupa tiki ya kijani kote kote, basi. Lakini miaka ya 1890 kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wanalegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, wakirudishiwa usiokobolewa wanapona. Kilichokuwa kinakosekana ni vitamini B1, iko kwenye ganda ambalo mashine inaling'oa ili mchele uwe mzuri wa kutazama na ukae ghalani muda mrefu. Alipewa Nobel mwaka 1929. Kalori zilezile, mmoja unatembea, mwingine unalala chini. Ukitaka kuona B1 kwenye apu lazima ulipie, na hata ukilipia imefichwa ukurasa wa nne.

Mahindi ndo kabisa. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati toka zamani wanachemsha mahindi na chokaa kabla ya kusaga, na vitamini B3 ambayo imefungiwa ndani ya punje inaachia. Wazungu walipobeba mbegu baada ya 1492 waliacha upishi nyuma, mwisho wa siku maskini wa Hispania na Italia ya kaskazini waliokuwa wanaishi kwa mahindi matupu wakaanza kuugua pelagra, ugonjwa wa kukosa hiyo B3, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inaruka. Marekani kusini ikaja kuwa hivyohivyo mwanzoni mwa karne ya 20, ikabidi daktari Joseph Goldberger kuanzia 1914 ahangaike kuwaaminisha watu kwamba si vijidudu, ni chakula. Zao lilelile, jikoni tofauti, mmoja mzima mwingine kaburini. Nenda sasa kwenye apu uandike mahindi uone kama itakuuliza umeyapikaje.

Kingine kidogo, kila ikiona kalsiamu iko chini inaniambia ninywe maziwa. Kila mtu inamwambia hivyo. Karibu theluthi mbili ya watu duniani wakishatoka utotoni tumbo halisagi vizuri sukari ya maziwa, na mi niko humohumo, nilitii siku moja tu, sisimulii.

Na haina sehemu ya kuandika umekula na nani. Utacheka, lakini mwongozo wa lishe wa Brazil wa 2014 unasema wazi ukiweza kula na wenzako, taratibu, mahali panapoeleweka. Mi siku nilizokula peke yangu nimesimama nikiwa nimeshika simu ndo siku nilizopitiliza, nimepitia rekodi zangu nimeona.

Nyota tatu kwa tano. Kama daktari amekwambia ufuatilie sukari au chumvi, ichukue, itakusaidia kweli. Kama unataka tu kujua unakula nini, itumie wiki tatu, pima mafuta na nyuzinyuzi, toka. Mzani wa jikoni nimeubakiza, apu nimeifuta. Ila ukilipia, zima kwanza ile ya kujilipisha yenyewe, kufuta apu peke yake hakusimamishi malipo, mimi nimekatwa mwezi wa tatu na nilioandikia wananijibu kwamba wanathamini safari yangu ya afya.