Kasha la Bruce Lee la Criterion: filamu tano, diski saba, na kufuli moja la kuangalia mapema

Kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa kasha hili Julai 2020 kwa jina la Bruce Lee: His Greatest Hits. Ndani mna diski saba za Blu-ray zenye The Big Boss (1971), Fist of Fury (1972), The Way of the Dragon (1972), Enter the Dragon (1973) na Game of Death (1978). Bei yake rasmi ni dola 124.95, lakini ukivumilia hadi misimu ya punguzo, hasa Julai na Novemba kwenye maduka ya vitabu ya Barnes & Noble, bidhaa za Criterion hushuka hadi nusu bei.

Kabla hujatoa hela, angalia deki yako. Diski hizi zimefungiwa kanda A, yaani Amerika, Japani, Korea, Hong Kong na Asia ya Kusini-Mashariki. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, Ulaya au Australia ni ya kanda B: itameza diski, itaizungusha kidogo, kisha italeta ujumbe wa kuikataa. Diski haina ubovu, na ukiibadilisha kwa nyingine yatakukuta yale yale. PlayStation 4 na 5 nazo hufuata kanda kwenye Blu-ray, hata kama michezo yake haina kufuli hilo. Dawa ni deki ya kanda zote, au iliyonunuliwa Marekani. Ukichukua ya Marekani, soma kibandiko cha nyuma: ikiwa haikuandikwa volti 100–240, usiichomeke kwenye umeme wa 230 bila transfoma, itaungua.

Sasa filamu zenyewe. Zitazame kwa mpangilio wa miaka, kwa sababu hapo ndipo kasha linapoonyesha thamani yake: unamwona mtu akipanda ngazi kwa muda wa miaka miwili tu. Mwaka 1971 alikuwa mwigizaji aliyekwama Hollywood baada ya tamthilia ya televisheni The Green Hornet, akasaini na Golden Harvest, kampuni ya filamu ya Raymond Chow huko Hong Kong, filamu mbili kwa dola 15,000. Ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa Pak Chong, Thailand. Mhusika anayemwigiza ameahidi kutopigana, na steringi anakaa mikono mfukoni karibu nusu ya sinema. Usiruke mbele. Subira ile ndiyo inayoipa uzito ngumi yake ya kwanza pale kiwanda cha barafu. Wanaokitafuta kile kipande maarufu cha pigo la msumeno kilichokatwa zamani wajue kwamba hapa hakimo.

The Way of the Dragon aliiandika, akaiongoza na kuipanga mapigano mwenyewe. Pambano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma ni darasa tosha. Kwanza wanapasha misuli bila haraka, wakinyoosha viungo huku paka mdogo akiwatazama. Raundi ya mwanzo Lee anapigana kwa mtindo mgumu, miguu imeganda, na anaangushwa. Kisha anabadilika: anaanza kurukaruka, anapiga na kutoka, anamvunja mwenzake mdundo. Simamisha picha pale anapoinuka kutoka chini ulinganishe miguu yake na ya dakika mbili nyuma. Falsafa yake yote ya ngumi, ya kutofungwa na mtindo mmoja, imesimuliwa kwa nyayo.

Ubora wa picha unahitaji maelezo. Filamu nne za Golden Harvest zimesafishwa kwa kipimo cha 4K na Enter the Dragon kwa 2K, lakini diski zinatoa 1080p, kwa hiyo usitarajie televisheni yako ya 4K ipokee 4K kamili. Chembechembe za filamu zimeachwa, jambo jema, maana zikifutwa ngozi huonekana kama nta. Tatizo ni rangi: kwenye zile nne, weupe unaelekea umanjano na vivuli vinaelekea ukijani. Shati jeupe litakuonyesha haraka. Hata ukichezea rangi za televisheni hutaimaliza kasoro hiyo, kwa sababu ukipunguza manjano, ngozi nazo zinapauka. Bora uache modi ya sinema ilivyo.

Kitu kimoja cha televisheni lazima ukizime: ile kazi ya kulainisha mwendo. Filamu hizi zina fremu 24 kwa sekunde, na televisheni ikitunga fremu za kujazia, mateke ya Lee yanageuka kama yanaelea ndani ya maji. Kwenye deki, washa kutoa 24p.

Kwa sauti, chagua mono ya asili, yaani sauti ya mkondo mmoja. Sinema za Hong Kong za wakati ule zilipigwa bila sauti na kuingizwa sauti studio baadaye, kwa hiyo usitafute midomo ioane na maneno kikamilifu katika lugha yoyote. Chaguo la 5.1, yaani la spika sita, linatawanya kishindo cha ngumi huku na huko, na makali yake yanapungua. Kasha lina pia sauti za Kiingereza zilizoingizwa. Maandishi ya tafsiri ni ya Kiingereza tu.

Enter the Dragon imo mara mbili. Ya dakika 99 ndiyo waliyoiona watazamaji wa 1973, na ilikuwa adimu kupatikana. Ya dakika 102 ina mazungumzo na mzee wa hekalu yaliyorudishwa baadaye. Anza na ya dakika 99: inakwenda kasi zaidi, na sauti yake ya mono haijabanwa. Hapa ndipo unaposikia sauti ya Lee mwenyewe kwa Kiingereza. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, filamu ikatoka Marekani Agosti.

Sababu kubwa ya kununua kasha hili, kwa maoni yetu, ni Game of Death Redux. Mwaka 1972 Lee alikuwa amepiga picha za mapigano ya Game of Death kwenye ghorofa za mnara, dhidi ya Dan Inosanto, Ji Han-jae na mcheza kikapu Kareem Abdul-Jabbar mwenye urefu wa mita 2.18, akasitisha kazi ili afanye Enter the Dragon. Filamu ya 1978 ilichukua dakika chache tu za mapigano hayo, ikajaza pengo kwa watu waliofanana naye, na mahali pamoja kwa uso wake wa picha uliobandikwa kwenye kioo. Wenzake wawili aliopanda nao mnara walifutwa kabisa. Katika Redux, mtayarishaji Alan Canvan ameyaunganisha mapigano ya asili, na wenzake hao wamerudi. Tazama Redux kwanza, kisha ya 1978, ndipo utakapotambua kila mahali mkasi ulipopita.

Game of Death II ya 1981 imo kama nyongeza. Ni ya wakusanyaji.

Wanaotaka maisha yake kabla ya 1971 watapungukiwa. Filamu zake za utotoni Hong Kong hazimo, wala The Green Hornet. Kinachosaidia ni mahojiano ya mwandishi wa maisha yake, Matthew Polly, kwa kila filamu, pamoja na filamu ya kumbukumbu ya 1973, Bruce Lee: The Man and the Legend.

Ukishindwa kupata deki ya kanda A, diski za 4K UHD hazina kufuli la kanda. Warner walitoa Enter the Dragon kwa 4K mwaka 2023, na mwaka huohuo Arrow ya Uingereza ikatoa kasha la filamu za Golden Harvest, bila Enter the Dragon. Utahitaji deki ya UHD, na itabidi ununue vyote viwili.