Kiwanja kipya cha laivu bendi njia ya airport: bendi naipa alama nne kwa tano, DJ wa juu moja

Wapenda bendi wa Mwanza, kile kiwanja kipya kando ya ziwa ukishapita Kirumba unaelekea airport (jina sitaji maana kuna sehemu nitawasema) nendeni mkasikilize. Nimesema mkasikilize, kula tutaongea mbele.

Hapa inaonekana mwenyewe aliwaza majirani kabla hajawaza kaunta. Mji wetu mnaujua, baa iko chini watu wanaishi juu kwenye mawe, sasa mwenye baa anapandisha ukuta mrefu anajiona kamaliza wakati mama wa kule juu akikaa kibarazani kwake anaiona steji nzima, na kama anaiona basi na kelele zinamfikia hivyohivyo, ukuta umempita chini huko. Kwa Mwanza cha kupambana nacho ni paa. Na sehemu nyingi paa ni bati tupu la geji 30, besi inatoka kama mlango uko wazi.

Hawa chini ya bati wamelaza sufi nzito, halafu jipsamu bodi mbilimbili, na dari yenyewe haijagongelewa kwenye kenchi, imening'inizwa na vipande vya mpira katikati ili mtetemo usipande. Najua kwa sababu fundi mitambo wao, kijana muungwana sana, alinipandisha ngazi nikachungulia pale karibu na feni pasipozibwa. Akaniambia "kaka, besi haizuiwi na sponji, inazuiwa na uzito". Sahihi kabisa, na wale mnaobandika trei za mayai ukutani sikieni, zile zinapunguza mwangwi kidogo humo ndani basi, wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, trei ya mayai litaijua wapi?

Steji imeupa mgongo mlima inatazama ziwani, nyuma yake tofali nzito hakuna dirisha. Spika hawajaweka mbili kubwa pembeni kama tulivyozoea, wametundika ndogo nyingi zinainamia meza, kwa hiyo wa nyuma anasikia vizuri na wa mbele haumwi masikio. Subufa (spika za besi) moja wameigeuza nyuma na kuichelewesha kidogo kwenye mixa, sauti yake na ya zile za mbele zinauana upande wa mlima, ukisimama nyuma ya steji besi unaitafuta. Nilitoka mpaka barabarani mpiga solo akiwa amekolea kabisa, nikawa namsikia kwa mbali, bodaboda zinamshinda.

Sasa lawama. Kwanza joto. Pande tatu zimezibwa, uwazi uko ziwani tu, na usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani kwa hiyo hapo hapaingii kitu, feni zinazungusha jasho lilelile, muziki wanaufaidi wavuvi wa dagaa.

Pili, na hili ndo limenikera, ghorofani wameweka VIP ya wazi. Bendi ikishuka saa sita DJ anaanza huko juu, hana dari hana ukuta, spika mbili zimeelekezwa kwenye nyumba za watu moja kwa moja. Mixa ya chini ina limita, hata mwimbaji akipandwa na mzuka sauti haipiti pale ilipofungwa, huyu DJ kaja na mixa yake mwenyewe kutoka nyumbani!! Yaani hela yote ya dari imeliwa na maspika mawili. Nilimwambia meneja akasema wateja wa juu ndo wanataka hivyo. Haya. Kanuni za kelele zipo tangu 2015, na NEMC (wale wa baraza la mazingira) walivyopita kufungia mabaa 2022 sidhani kama waliuliza wateja wa juu wanataka nini. Wangemhamishia tu DJ chini bendi ikimaliza, spika zipo, fundi yupo, kesi imeisha.

Chakula kawaida. Sato mzuri ila nimemsubiri mpaka ugali umepoa, kachumbari ndimu hakuna. Vyoo visafi.

Kiingilio Jumamosi elfu kumi, Ijumaa bure. Kaa usawa wa mixa ndo saundi inapokaa vizuri, epuka meza za kona ya jikoni maana mlango wao wanausahau wazi, na kama una gari fika mapema, parking ni ya kugombania.