Ankadrema ya kusoma, Bel-Air (Lubumbashi): maoni ya papa mmoja

Mama mmoja wa Bel-Air anayefundisha watoto waliokwama kusoma anachukua dola 30 kwa mwezi, kwa masomo mawili kwa juma, kila somo saa moja. Kwa makuta (pesa) ya dereva wa teksibasi hiyo si bei ya mchezo. Ankadreri wa kawaida, yule kijana wa chuo anayekuja nyumbani jioni kusimamia kazi za shule, anachukua nusu yake. Lakini hawa wawili hawauzi kitu kimoja. Nayaandika haya kwa mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kuwachosha maankadreri.

Kibao hakuna. Ni nyumba ya kawaida Bel-Air, komini ya Kampemba. Uani kuna paa la mabati juu ya nguzo, ubao mmoja na mabenchi mafupi. Mama huyo alifundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi kabla ya kustaafu. Watoto wanamwita Madamu, wazazi pia, basi na mimi hapa nitamwita hivyohivyo.

Kilichonivuta ni siku ya kumpima mtoto. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Hesabu za mdomo anajibu hujamaliza kuuliza, ila buletini yake (karatasi ya alama) upande wa Kifaransa ni wino mwekundu tu. Akafungua kitabu chake cha shule, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, nami nikaanza kuvimba kichwa. Madamu akafunika picha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno moja la katikati ya mstari: "Hapa panasema nini, mama?" Kimya. Neno hilohilo alikuwa amelitamka sasa hivi. "Papa," Madamu akanigeukia, "huyu hasomi. Ameushika ukurasa wote kwa kichwa, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kusoma."

Kisha akaandika ubaoni maneno yasiyo na maana: muba, tiko, lapu, dufe. Hayo huwezi kuyakariri, wala picha haikusaidii. Inabidi uifuate herufi moja moja na sauti yake. Muba likasomwa "mama". Lapu likakisiwa kwa herufi ya kwanza. Dufe hakuligusa kabisa. Shuleni, katika darasa la watoto zaidi ya sitini, nani atapata nafasi ya kukaa na mtoto mmoja namna hii? Tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na metre, yaani mwalimu, anayeona wino mwekundu anaandika "mvivu", basi.

Kabla ya kupokea hata franka moja, Madamu alitutuma hospitalini kupima macho na masikio. Vyote vizima. Akauliza kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo aliyepata taabu ya kusoma, kwa kuwa jambo hili hutembea katika familia. Nikamtaja mdogo wangu, ambaye atakufungulia injini ya Hiace na kuirudisha bila kubakiza boliti, lakini fakture (ankara) anasomewa na mwanawe.

Jina la shida ni disleksia. Si uvivu, si uchache wa akili, na si macho yanayogeuza herufi. Watoto wadogo wengi huchanganya b na d, na hiyo peke yake haisemi kitu. Ubongo unapata taabu kulikata neno katika sauti zake na kuzifunga sauti hizo kwenye herufi. Madamu alinisimulia kwamba mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 asiyeweza kusoma, ambaye mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Zaidi ya miaka mia imepita, na sisi bado tunawaita watoto kama hao mabubu wa akili.

Kazi yenyewe inaanza kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mtoto anapewa vifuniko vya chupa za bia ya Simba. Madamu anatamka "kuku", mtoto anasukuma kifuniko kimoja kwa kila sauti: k, u, k, u. Baadaye anaiandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga huku akiitamka kwa nguvu. (Mama mmoja alishauri watumie unga. Kwa bei ya unga mji huu, acha tuandikie mchanga.) Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaonja kusoma mapema. Kifaransa ni mtego: sauti moja ya o inaandikwa o, au, eau, na neno "oiseau" halina hata herufi moja inayosikika kwa sauti yake ya kawaida. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha wanafunzi wa chuo wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Ndani ya ubongo dalili ilikuwa ileile, ila Waitaliano walisoma vizuri zaidi, maana lugha yao haina mitego mingi. Sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazitambua lugha za taifa shuleni, lakini mtihani wa mwisho wa darasa la sita mtoto ataukuta kwa Kifaransa.

Sasa kasoro. Madamu si daktari wala si mwanasaikolojia, mwenyewe anakuambia hivyo mlangoni, kwa hiyo hatoi karatasi yenye kashe (muhuri). Shule yetu ilitaka karatasi ndipo impe mtoto muda zaidi kwenye dikte (imla), na hilo limebaki kwenye maneno matupu. Siku ya Jumamosi watoto ni wengi mno kwa mtu mmoja. Na yale mabati! Mvua ikipiga, "p" na "b" hazitofautishiki, somo linavunjika, na saa hiyo hailipwi upya. Nimelalamika, akacheka tu.

Usiende kwake ukitafuta dawa. Kuna mtu mjini anayeuza vidonge vya akili na miwani ya rangi. Madamu ukimtajia anakunja uso, na ana haki, kwani hakuna ushahidi kwamba miwani hiyo inamfundisha mtu kusoma. Usiende pia ukitaka buletini ibadilike kufika Pasaka. Binti yangu sasa anasoma Kiswahili polepole bila kukisia. Kifaransa bado kinamtoa jasho, lakini tiko na dufe anazisoma, na anamtungia dada yake mengine ya kumtega.

Kama mtoto anashindwa kwa sababu tu hafanyi kazi za nyumbani, mchukulie ankadreri wa kawaida, utaokoa makuta. Kwa wengine, ulizieni Bel-Air, na kuanzia Novemba hadi Machi ombeni saa za asubuhi. Mchana mtailipia mvua.