Zenodo kwa tasnifu zetu: uzoefu wangu

Kwa yeyote aliyemaliza uzamili au uzamivu na tasnifu yake ikabaki nakala ngumu maktabani, Zenodo ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ni huduma ya bure ya kuhifadhi na kuchapisha kazi za utafiti mtandaoni, inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu mwaka 2013, na si lazima uwe mwajiriwa wa chuo wala uishi Ulaya. Unafungua akaunti kwa barua pepe au kwa ORCID, namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti, unapakia, unajaza fomu, unachapisha, na kazi inapata DOI, namba ya kudumu ambayo wengine wataitumia kuinukuu. Rekodi moja inabeba hadi GB 50, kwa hiyo tasnifu ya kurasa 200 pamoja na data zake za SPSS (programu ya takwimu) zinaingia bila shida.

Kinachoamua kama tasnifu itasomwa ni faili yenyewe. Usiskani nakala iliyojalidiwa ikiwa faili ya Word bado ipo. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word huwa nyepesi na maneno yake yanatafutika. Iliyoskaniwa ni picha tupu, nzito, na haitafutiki neno hata moja. Mwongozo wa Google Scholar unataka PDF yenye maandishi yanayotafutika, isiyozidi MB 5. Kama picha za uwandani zinaizidisha, zipunguze ndani ya Word hadi ppi 150 (pikseli kwa inchi) kabla ya kuhifadhi. Pale ambapo nakala ngumu ndiyo pekee iliyobaki, skani kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) kisha ipitishe kwenye OCRmyPDF, programu huria inayotumia Tesseract, injini ya kutambua maandishi yaliyo kwenye picha. Tesseract inakijua Kiswahili ikiwa umesakinisha faili yake ya lugha, ila lazima uiambie kwa kuandika -l swa+eng kwenye amri, yaani Kiswahili pamoja na Kiingereza. Bila hivyo itasoma kila kitu kama Kiingereza na maneno yatatoka yamevurugika. Kuhakikisha, fungua PDF, nakili aya moja kutoka katikati na uibandike kwenye Notepad. Ukiona herufi za ajabu, injini za utafutaji nazo zitaona hizo hizo.

Viambatisho ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Tasnifu nyingi zina fomu za ridhaa zilizosainiwa, orodha ya wahojiwa yenye namba za simu, kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya) au COSTECH (ya Tanzania), na sahihi za wasimamizi kwenye ukurasa wa tamko. Mama aliyekueleza habari za ugonjwa wa mwanawe hakukubali jina lake litafutike mtandaoni, na sheria iko upande wake: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022. Toa sahihi, simu na majina. Dodoso tupu liache. Kufunika jina kwa kisanduku cheusi hakutoshi, kwa sababu maandishi yaliyo chini yake mara nyingi bado yananakilika kwenye PDF. Yafute kabisa kwenye Word, ndipo utoe PDF upya.

Fomu ya Zenodo ni rahisi, lakini usiipitie haraka haraka. Aina ya kazi ichaguliwe tasnifu, na tarehe iwe ya kukamilika kwa kazi, siyo siku unayopakia. Jina la ukoo lina kisanduku chake na majina mengine chake. Sisi wenye majina matatu tuchague mpangilio mmoja na tusiubadilishe, na ORCID ijazwe ili kazi zisigawanyike kati ya watu wawili wasiokuwepo. Wasimamizi waingizwe kama wachangiaji, kila mmoja na nafasi yake. Kuna pia sehemu ya kuongeza kichwa kilichotafsiriwa na maelezo ya ziada katika lugha nyingine. Itumie! Tasnifu ya kilimo cha mwani iliyoandikwa Kiingereza ikiwa na ikisiri ya Kiswahili, afisa ugani anayetafuta kwa Kiswahili ataweza kuifikia.

Kuhusu leseni, fomu inakupa yenyewe CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia kazi mradi akutaje, na mimi naona ndiyo bora. Epuka ile yenye ND (NoDerivatives, yaani hairuhusu kazi zilizobadilishwa): inamzuia msomaji kusambaza tafsiri ya kazi yako bila ruhusa. Kabla ya kuchagua, soma ukurasa wa hakimiliki wa tasnifu yako. Mara nyingi umeandikwa kwamba hairuhusiwi kunakili bila idhini ya mwandishi au chuo, na hilo linagongana na CC BY. Omba idhini ya maandishi kutoka ofisi ya masomo ya uzamili, kwa sababu leseni ikishatolewa, waliokwisha kuipata hawanyang'anywi. Kama bado unatoa makala kwenye sura za tasnifu, weka zuio la muda: ikisiri inaonekana, faili inafunguka yenyewe tarehe ikifika.

Ukihitaji kusahihisha maelezo, unahariri rekodi ile ile. Faili ni jambo jingine: unatoa toleo jipya lenye DOI yake, na la zamani linabaki likionekana. Ipo pia DOI inayojumuisha matoleo yote, nayo ndiyo ya kuweka kwenye wasifu wako. DOI haithibitishi ubora, kwani Zenodo haihakiki maudhui kama jarida linavyofanya. Jina la chuo na mwaka wa shahada ndivyo vinavyomwambia msomaji kazi ilipitia wapi.

Usiache kuiweka pia kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Nyingi za kwetu, zikiwemo za Nairobi na Makerere, zimejengwa kwa DSpace, programu huria ya kuendesha hazina kama hizo. Ukinukuu kutoka huko, chukua anwani ya kudumu (handle) inayoanza na hdl.handle.net iliyoandikwa ndani ya rekodi, siyo ile ya juu ya kivinjari. Anwani zenye neno xmlui huweza kuvunjika chuo kikihamia DSpace 7, kwa sababu toleo hilo la 2021 liliondoa kabisa XMLUI, mfumo wa zamani wa kuonyesha kurasa zake. Kisha, kwenye fomu ya Zenodo, jaza anwani hiyo ya handle katika sehemu ya kazi zinazohusiana, ili nakala mbili zijulikane kuwa ni kazi moja.